Barua Zilizosomwa Kikaoni

Ningeweza kumkatalia mwenyekiti wa chama chetu. Ilikuwa Jumamosi, watu wamekwisha kula, masufuria yamerudishwa jikoni, naye akanishika mkono pale kwenye ngazi za apatimenti yetu ya Gulfton, mtaa wa Houston, akasema, "Mzee, hizi barua za rafiki yako wa Dallas zisiwe zako peke yako. Uwe unatusomea kikaoni." Nilikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, na si neno zito. Badala yake nilijikuna kidevu kama mtu anayefikiri, na moyoni nilikuwa nimekubali hata kabla hajamaliza.

Barua hizo zilianzia kazini kwangu. Miaka ile ya tisini nilifanya kazi Houston, chini ya ardhi, kwenye chumba cha fotokopi cha maktaba ya chuo kimoja. Maktaba za miji mingine ziliomba kurasa za vitabu, mimi nikazitoa nakala, nikazitia katika bahasha. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kazi ile haikudai zaidi. Hapakuwa na dirisha. Mashine ilikuwa na joto na harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na mwanga wake ulipita chini ya ukurasa taratibu, ukaenda na kurudi, hata wakati mwingine nilitoka kazini nikashangaa kukuta jua bado lipo.

Mwaka mmoja yakaja maombi makubwa. Mwalimu fulani, sijui wa wapi, alitaka barua za wanasayansi wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, vitabu kwa vitabu. Nililaza ukurasa juu ya kioo, nikafunika, mwanga ukapita, na kabla sijaugeuza nikasoma mistari michache. Mwanzoni nilisoma kwa uvivu. Baadaye nikawa nachelewa kugeuza.

Watu wale hawakuwa kama nilivyowadhania. Mmoja mchungaji wa kanisa, mwingine daktari, mwingine mpima ardhi, mwingine mwenye kiwanda cha bia. Waliandikiana juu ya mvua, nondo, mawe yenye umbo la konokono, na nyota. Huyu anaomba jino la mnyama asiyejulikana, yule anajibu kwamba atalituma akipata msafiri mwaminifu. Siku hizo gharama ya barua ilimwangukia anayeipokea, na kila karatasi ilihesabiwa, kwa hiyo mtu akishaijaza aliigeuza upande akaandika tena juu ya maandishi yake, mistari ikapishana kama miyaa ya mkeka. Zilikuwemo picha za barua za namna hiyo. Niliziangalia muda mrefu bila kujaribu kuzisoma.

Kilichonikamata zaidi ni vyama vyao. Walikuwa na vyama vya kitaaluma, wakikutana ukumbini, na katibu akasimama kuwasomea wenzake barua za waliokuwa mbali. Mchungaji anayeishi porini, kwenye matope, asiye na nauli ya kufika London, sauti yake iliingia ukumbini kwa kinywa cha katibu. Watu wakasikiliza habari za konokono wake, wakampigia kura ya shukrani. Hata wanawake, ambao ukumbini hawakuruhusiwa, barua zao zilipita mlangoni.

Nilimweleza mke wangu hayo tukiwa tunakunja nguo. Akauliza, "Kwa hiyo barua yangu ingeingia, mimi ningebaki nje nalinda viatu?"

"Hawakuvua viatu."

"Basi ningebaki nje nalinda farasi."

Rafiki yangu alikuwa Cedar Hill, kusini mwa Dallas, saa nne za barabara kutoka kwetu. Tulikaa dawati moja sekondari, kule nyumbani. Yeye ndiye aliyependa fizikia. Mimi nilipenda kukaa karibu naye siku za mtihani. Alikuja Texas kumfuata binti yake, akapata kazi ya kuendesha gari la nyumba ya kutunzia wazee. Aliwapeleka kliniki, kanisani, kwenye maduka, akawashika mkono wakishuka. Simu ya kwenda mji mwingine ilikuwa ghali bado, tukawa watu wa barua.

Nilianza kumtumia nakala zilizoharibika, zile ambazo mashine ilizikata pembeni na ambazo zingetupwa. Hakuniambia kama amezipenda. Alinijibu kwa mtindo wake:

"Mheshimiwa Bwana Katibu, nina heshima kukuarifu kwamba wale ndege weusi wa macho ya manjano, ambao jioni hukusanyika maegesho ya duka la vyakula, jana hawakuja. Leo wamekuja mara mbili. Sina maelezo. Naomba ushauri wa wataalamu wa Houston."

Katibu nilikuwa kweli, wa chama chetu cha Waswahili wa Houston, chama cha misiba na arusi. Ila wataalamu hatukuwa nao. Nilimjibu kwamba suala lake limejadiliwa na mimi pamoja na mke wangu, na kwamba mke wangu anaona ndege hao siku ile walikuwa wanafua nguo.

Ndivyo tulivyoendelea. Aliandika juu ya minara mirefu ya redio na televisheni iliyo kwenye vilima vya Cedar Hill: asubuhi ya ukungu minara inakatwa kiuno, taa nyekundu zinabaki zinaning'inia hewani bila mwenyewe. Aliandika juu ya bibi mmoja wa kwenye gari lake ambaye kila akipita daraja fulani huvua kofia. Aliandika juu ya sauti ya wadudu wa kiangazi, jinsi inavyopanda mpaka mtu anafikiri hewa itapasuka, halafu inakatika yote kwa pamoja kana kwamba kuna aliyeinua mkono. Mimi nilimwandikia juu ya mvua za Houston, barabara inavyogeuka mto na magari yanavyosimama ndani yake kimya, taa zikiwaka chini ya maji. Nilipokuwa nasoma barua zake nilikuwa najiona nimelala kitandani bwenini, naye kitanda cha juu, anaongea gizani, na sihitaji kumjibu.

Mwenyekiti alizijua kwa sababu nilijisifu nazo. Baada ya siku ile ya ngazini nilimwandikia rafiki yangu kumwomba ruhusa. Akajibu kwa mstari mmoja: wasomee, ila shukrani ziingie kwenye kumbukumbu za kikao, na atajwe kwa cheo. Tukampa cheo cha Mjumbe wa Mbali.

Kikao chetu kilikuwa Jumamosi moja kila mwezi. Walikuwepo Watanzania, Wakenya, na Wakongo wa mashariki, kila mmoja na Kiswahili chake. Watoto walikimbia katikati ya miguu yetu wakijibu kila kitu kwa Kiingereza. Kabla ya barua, vikao vilikuwa vya kuvumilia tu. Michango, lawama, nani hakuja msibani. Baada ya barua, watu walianza kufika mapema.

"Ni namna gani, Katibu, barua iko?" aliuliza kila mara Mkongo mmoja aliyefanya kazi ghalani, kabla hata hajakaa. "Mimi sikuje juu ya michango. Nilikuja juu ya ndege."

"Ndege gani, na wewe hujalipa tangu Krismasi!" kijana wa Kikenya akamrushia.

"Acha mzee asome, bwana. Deni langu litaruka na lenyewe."

Nilisimama, nikavaa miwani, na chumba kikatulia. Mtu aliyepita kidato cha nne kwa shida, anayeshinda na mashine chini ya ardhi, sasa anangojewa. Sijapata kulewa pombe, lakini nadhani ni kitu cha namna hiyo. Mwanzoni nilizisoma barua nyumbani kwanza. Baadaye niligundua kwamba watu hupenda kuona bahasha inapasuliwa, na kwamba sauti yangu huwa nzuri zaidi nikikutana na maneno pale pale pamoja nao. Nikawa naziweka juu ya kabati zikiwa zimefungwa, mpaka Jumamosi.

Mke wangu hakupenda. "Barua ya mtu huisomi kwanza peke yako?"

"Ladha yake ni kuifungua mbele yao."

"Amekuandikia wewe au amewaandikia wao?"

"Amemwandikia Katibu," nikasema, na nikajiona nimejibu vizuri.

Ikaja ile nyota yenye mkia. Walioishi miaka ile wanaikumbuka. Jioni baada ya jioni ilikaa upande wa magharibi, jua likishazama, kama kitu kilichodondoka kutoka juu kikasahau kufika chini. Gulfton ina taa nyingi, lakini hata sisi tuliiona. Tulisimama kwenye veranda ya ghorofa ya pili, jirani zetu kutoka nchi nisizozijua nao wakatoka na watoto begani, kila mtu akinong'ona kwa lugha yake, na kule chini mtu alizima redio ya gari bila kuambiwa. Nilifikiria wale wachungaji na madaktari wa Uingereza, wangeshika kalamu wote usiku ule. Nikajua rafiki yangu ameshika ya kwake.

Bahasha ilifika, nene kuliko kawaida. Niliiweka juu ya kabati.

Jumamosi chumba kilijaa. Waliokosa viti walikaa juu ya zulia. Nikapasua bahasha, nikasoma:

"Kwa Mheshimiwa Katibu. Nina heshima kukiarifu kikao kwamba nyota yenye mkia imeonekana hapa Cedar Hill, kushoto kwa minara, juu kidogo ya paa la jirani yangu anayefuga mbwa mnafiki. Mbwa huyu hubwekea wageni wema tu. Nyota hakuibwekea."

Walicheka. Nikangoja kicheko kiishe, kama nilivyokuwa nimejifunza kufanya.

"Jioni ya pili nilifanya jaribio. Nilifumba jicho la kulia: nyota ipo, safi, na mkia wake. Nikalifumbua, nikafumba la kushoto: nyota haipo. Mahali pake kuna moshi mdogo wa duara. Nilipotazama pembeni, kwenye dohani ya jirani, nyota ikarudi. Nilipoigeukia ikazimika tena, kama mtoto anayejificha nyuma ya mlango."

Hapo nilisita. Nakumbuka vizuri kwamba nilisita. Kidole changu kilikuwa kwenye mstari na jicho langu lilikuwa limeshaona neno "binti" mstari wa chini. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema mwandiko umefifia. Lakini hapakuwa na mtu aliyesogea mle ndani, hata watoto, na ukimya ule nilikuwa nimeupata mimi.

"Endelea, Mzee," Mkongo akasema taratibu. "Endelea."

Nikaendelea. "Nimejaribu kwa taa ya barabarani, ni vilevile. Nimejaribu kwa uso wa binti yangu akiwa anakula. Masikio yapo, nywele zipo. Katikati hakuna mtu."

Nikageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mistari michache, nikaisoma kwa macho tu. Haya ya jicho, ndugu yangu, usiwasomee. Bado naendesha gari la wazee, na nyumbani sijasema. Nitakwenda kwa daktari nikishapata moyo.

Nilikunja barua. "Imeishia hapo," nikasema.

Walipiga makofi, si kwa nguvu, kama watu walioamshwa. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kama yule babu ameshakuwa kipofu. Mwenyekiti akapendekeza shukrani ziandikwe, nami nikaziandika.

Wageni walipoondoka mke wangu hakuanza kuosha vyombo. "Ulikuwa na ukurasa wa nyuma. Nimeuona." Nikampa. Akausoma amesimama, akaurudisha. "Mpigie simu sasa hivi. Asikie kwako kwamba umewasomea."

"Kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Haya ni mambo ya Houston. Yatabaki Houston."

Sikumpigia Jumapili, wala Jumatatu. Nilijiambia natafuta maneno. Kumbe kikaoni alikuwepo mama mmoja ambaye mdogo wake alifanya kazi nyumba ile ile ya wazee. Hakuwa mbaya yule mama. Alifikiria wale vikongwe garini, akampigia mdogo wake simu, jambo ambalo wengi wetu tungefanya. Kabla wiki haijafika katikati, rafiki yangu aliitwa ofisini, akapimwa macho, akaambiwa asiendeshe tena. Jioni hiyo binti yake alizichukua funguo za gari la nyumbani akazificha, akilia kwamba watu wa Houston wamejua jicho la baba yake kabla yake yeye.

Akapiga simu rafiki yangu mwenyewe. Hakusalimia.

"Uliwasomea?"

"Bahasha ilisema kwa Katibu," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyatafuta siku zote zile.

"Katibu ni nani? Si wewe?"

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Nilikuandikia wewe," akasema. "Kikao kilikuwa mzaha wetu. Nilidhani unajua."

Wapo walionifariji. Mwenyekiti aliniambia nimeokoa maisha ya watu, kwamba dereva asiyeona katikati ya barabara ni hatari. Ni kweli ilikuwa hatari, na rafiki yangu alikosea kuendelea kuendesha. Lakini mimi sikusoma kwa ajili ya usalama wa wazee. Nilisoma kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza vizuri.

Nilimwandikia. Niliandika kwa lugha ya kawaida, bila uheshimiwa, nikakubali kosa langu lote, pamoja na ile kusita. Hakujibu. Nikaandika tena. Kiangazi nilipanda basi mpaka Dallas, na jamaa mmoja akanifikisha Cedar Hill kwa gari lake. Binti yake alifungua mlango, akaniita anko, akanipisha bila kunitazama.

Rafiki yangu alikuwa sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha. "Karibu, Bwana Katibu," akasema. "Karibu chai."

Alinihudumia kama mgeni wa heshima. Aliniuliza habari za safari, za mke wangu, za joto la Houston. Nilipotaka kuomba radhi aliniongezea sukari. Muda wote uso wake ulielekea dirishani. Nilidhani hataki kuniona, na nilikuwa nimekwisha kukaa pale sana ndipo nikaelewa kwamba lile jicho la kushoto nalo limeanza, na kwamba sasa, ili amwone mtu, lazima atazame pembeni yake. Basi pengine alikuwa ananitazama. Sikuweza kujua, na sikuthubutu kumuuliza. Kule nje minara ilikuwa ikitetemeka kwenye joto kama kitu kinachoonekana chini ya maji. Zamani angeniandikia juu ya minara ile. Sasa tulikaa wote wawili mbele yake, naye akaniuliza tena habari za joto.

Niliacha ukatibu vuli ile. Kazi ya fotokopi niliendelea nayo, na maombi ya yule mwalimu yalikuwa hayajaisha. Siku moja, mwanga ukipita chini ya ukurasa, nilisoma barua ambayo katibu wa chama kimoja alimwandikia rafiki yake wa mbali. Alimweleza kwamba amesoma ukumbini sehemu ya mawe na tabaka za ardhi, na kwamba ile ya ugonjwa wa mke wake ameisoma peke yake nyumbani, akaifungia kwenye mtoto wa meza. Baada ya hapo niliziona nyingi za aina hiyo. Makatibu wale walikaa kwanza na penseli, jioni, kila mmoja kwake, wakitenganisha cha watu na cha rafiki. Sehemu hiyo ya kazi haikuonekana ukumbini. Mimi niliiga ukumbi tu.

Miaka ikapita, simu zikawa rahisi, kila mtu akawa na yake mfukoni. Nilikuwa na namba ya Cedar Hill. Sikukuu nilipiga, binti akapokea, akasema baba amepumzika, na nyuma yake nikasikia redio ikipunguzwa sauti.

Alifariki miaka ya elfu mbili ikiwa imeanza kuzoeleka. Mke wangu aliambiwa sokoni na mtu aliyedhani tunajua, na mazishi yalikuwa yameshapita. Walisema mwishoni alikuwa haoni kabisa, na kwamba jioni aliomba atolewe nje akae uwanjani mpaka giza liingie. Sijui alikuwa anasikiliza nini. Yapo mambo aliyoyatambua miaka ile yote ambayo angeyaandika, naye hakuwa na wa kumwandikia.

Nilikubali kusoma barua za rafiki yangu mbele ya watu. Kwa hilo alipoteza kazi yake na siri yake, nami nikampoteza yeye akiwa bado hai, saa nne tu za barabara kutoka kwangu, mpaka akafa.